Kutoka Rinlo, Maji Yakipwa

Tumetoka Rinlo kabla duka la mkate halijafunguliwa,
mimi na Eladio, mume wa marehemu dada yangu.
Amevaa koti la Sabela, la mvua, la manjano,
lile tuliloligombania. Mikono haimfiki viganjani.

Kulia bahari, kushoto mahindi yenye umande.
Tunapita vidimbwi vya mawe walimofugia kambakoche;
sasa vimebaki na mwani, na kandambili moja.
Hatuongei. Kokoto tu ndizo zinazoteta chini ya viatu.

"Leo bamvua," anasema ghafla. "Tuna saa nzima."
Neno lake la kwanza kwangu tangu Machi.

Tunateremka ngazi. Mchanga bado unavuja maji,
na matao yamesimama, tao nyuma ya tao,
mbavu nyeusi za kitu kilicholiwa na chumvi kikasazwa.
Wageni hupaita kanisani.
Sabela alipaita jikoni,
kwa sababu wimbi likiingia tundu la nyuma
hutoka moshi, na mlio wa sufuria ikifunikwa.

Nimesimama nikiusubiri mlio huo.
Umekuja mapema mno.
Maji yameshanifika vifundoni.
Eladio anachomoa mfukoni ratiba ya kupwa na kujaa,
anaigeuza, anaigeuza tena:
ni ya mwaka jana,
yenye miduara ya kalamu ya dada
kwenye siku alizokusudia kuja.

Tumekimbia. Juu ya ngazi, tukitweta,
nagundua kiatu changu kimoja hakipo.
"Kimebaki jikoni," nasema,
naye anacheka mpaka koti linachanika kwapani.