Kilomita Thelathini na Nane

Basi la alfajiri lilifutwa mwezi Februari
bila tangazo, ila karatasi iliyolowa kwenye nguzo ya kituo.
Kutoka kwetu mlimani hadi chumba cha kufulia cha hospitali ya Lugo
ni kilomita sabini na nne. Kurudi ni zile zile,
lakini huwa ndefu zaidi,
kwa kuwa mikono imeshakunja mashuka mia tatu.

Nilikuwa na yuro elfu moja na mia tatu
ndani ya kopo la biskuti.
Gari la bei hiyo ni msiba wenye milango minne.
Nikasema, basi, pikipiki. Tena kuukuu.

Ya Brais ilikuwa nyekundu, imejikunja mbele
kama paka aliyeona panya.
Alipoiwasha, mbwa wa mtaa mzima walijibu.
Nikaikalia. Kiuno changu cha miaka arobaini na saba
kilikataa kabla hatujafika getini.
Nikachuchumaa, nikapapasa mnyororo:
umelegea, meno ya gurudumu yamechongoka.
"Imetunzwa," akasema, macho yake juu ya paa.
Bei ilikuwa ndogo mno. Rahisi huvunja upishi.

Ya don Amancio, mwalimu mstaafu,
ilikuwa ya Kijerumani, imefunikwa blanketi la sufi.
Haikuwa na doa.
Bei nayo haikuwa na doa.
Nikanywa kahawa yake, nikashukuru, nikaondoka.

Ya tatu ilikuwa zizini kwa Dorinda,
kati ya magunia ya viazi na pipa la kusindikia nyama.
Kijivu. Pana. Sura ya friji.
Kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni,
na badala ya mnyororo, shafti:
hakuna cha kupaka grisi gizani, mvua ikinyesha.
Nikachovya kijiti, oili ikatoka na rangi ya asali.
Mita ilisema laki moja na kumi na mbili elfu.
Injini ilikohoa mara moja, kisha ikatulia,
tu-tu, tu-tu, kama mtu anayegonga mlango
huku akijua wenyewe wamo ndani.

"Evaristo aliandika kila kitu," mjane akasema,
akanipa daftari lenye jalada la plastiki.
Plagi. Breki. Tairi la nyuma, siku ya Mtakatifu Yohana.
Petroli, lita kwa lita. Na safari:
Kiwandani, hamsini na mbili. Kwa daktari wa meno, sitini.
Na kila Alhamisi, kwa miaka kumi na moja:
thelathini na nane.
Neno hakuna. Namba tupu.

Nilifunga daftari polepole,
kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu.

"Hesabu naijua, Sabela," Dorinda akasema,
akiendelea kuchagua viazi, vizuri huku, vibovu kule.
"Pikipiki ni elfu moja na mia mbili.
Ukiichukua pamoja na daftari,
elfu moja."

Nikachukua vyote.

Sasa ni Oktoba. Nimeongeza kilomita elfu kumi na tisa,
betri moja, na glavu zenye manyoya ndani.
Naandika kama alivyoandika yeye:
Kazini. Nyumbani. Kazini. Oili.
Mwandiko wangu umeanza kulala upande ule ule.

Sikutafuta. Ni barabara yangu tu.
Kilomita kumi na tisa toka kwa Dorinda
iko nyumba yenye madirisha ya kijani,
na asubuhi, nikirudi na ukungu kwenye helmeti,
mwanamke mwenye mvi huwa anaanika nguo uani.
Injini inamfikia kabla yangu.
Anainua kichwa, kibanio mdomoni.
Kisha anaona ni mimi,
anarudi kwenye shuka.

Sipigi honi.
Nashusha gia moja, ili nipite kimya zaidi,
na nikifika nyumbani naandika
namba nzima, bila kuikata.