Maneno Matano

Nesi Nambozo ameinua kidole kimoja.
"Kifuate kwa macho, kichwa kitulie."
Opolot anakifuata; macho yanakwama njiani
kama gurudumu kwenye tope la Namatala.

Leo siku gani? Jumamosi.
Nani alifunga mwisho? Kimya.
Miezi, kinyumenyume: Desemba, Novemba,
Septemba.

Tembea, kisigino kiguse kidole. Mstari wa chokaa
unamkwepa.

"Sasa yale maneno matano niliyokutajia."
Anatabasamu. Haya ameyakariri tangu Machi, alipoanguka:
"Sufuria, daraja, pilipili, kanzu, mvua."

Yote sahihi.
Yote ya Machi.

Nambozo anafunga daftari,
anamvua jezi ya raga taratibu, kama mtu anayemenya yai,
na nje filimbi inalia,
wenzake wanamwita kwa jina
analochelewa kuligeukia.