Njia za Maji Kichwani mwa Effie

Wameuleta saa tatu usiku katika ndoo nyeupe yenye mfuniko,
imezungushiwa utepe, imeandikwa namba, si jina.
Jina nalijua kwa sababu Fergus, mtunzaji wake,
alisimama mlangoni na theluji mabegani
akasema, "Huyu ni Effie,"
kisha akakataa kuketi.

Sokwe wa miaka arobaini na minane.
Kazaliwa Uskoti, kafia Uskoti,
msitu hakuuona hata kwenye televisheni.

Navua pete, navua chupio, navua saa.
Sumaku hii haina mstahamala:
iliwahi kuuvuta mkasi mfukoni mwa muuguzi
ukaruka kama panzi.
Namlaza Effie. Nasema namlaza, ingawa kilichobaki
kinaenea viganja viwili
na nusu kilo ya sukari inakishinda uzito.

Nyani haoni kundule, tuliambiwa utotoni tukicheka.
Nami usiku huu nitaona ndani ya kichwa cha jamaa yake,
na changu sijawahi kukiona.

Mashine inaanza kugonga.
Kazi yenyewe, ukiivua maneno makubwa, ni hii:
tunayauliza maji, Mnaelekea wapi?
Mara sitini na nne, kila mara kutoka upande mwingine.
Maji ya beseni hujibu, Popote.
Maji yaliyomo katika uzi wa neva hujibu, Huku, huku tu,
maana maji hufuata mkondo,
hata mkondo ukiwa mwembamba kuliko unywele mara mia.
Effie amekufa tangu Novemba.
Mwenye nyumba kafa, maji hayajaambiwa.
Yanatikisika bado, yanapita korido yalizozizoea.

Saa nane nyuzi zinaanza kujitokeza kwenye kioo:
nyekundu zivukazo kushoto kwenda kulia,
kijani zitokazo pajini hadi kisogoni,
buluu zishukazo kuelekea shingo ambayo haipo tena.

Dokta Polwarth amelala kwake Broughty Ferry,
simu chini ya mto. Anachokitaka ni upinde:
fungu la nyuzi linalotoka nyuma ya sikio,
linapanda, linajikunja, linashuka karibu na mahali pa ulimi.
Kwetu ni mnene kama mkia wa paka.
Humo, wanasema, ndimo yapitamo maneno
toka kusikiwa hadi kutamkwa.
Kwa Effie ni uzi wa kushonea vifungo,
tena unafifia njiani
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Saa kumi, simu. Fergus. Hajalala.
"Alikuwa akigonga kioo mara mbili nikichelewa na chai yake.
Mbili. Kamwe si tatu.
Hiyo inaonekana hapo?"

Nikatazama. Nina njia, nikamwambia, sina wasafiri.
Nikajuta papo hapo: lilikuwa jibu la mtu anayependa kujisikia.
Kimya. Nikasikia birika lake likichemka
ng'ambo ya Dundee.

Nilitaka kumwambia pole.
Neno lilikuwa tayari, limetoka nyuma ya sikio,
limepanda, limejikunja juu ya upinde wangu mnene wa binadamu,
likafika midomoni
likakuta lugha ya hapa haina mlango wake.
Wao wana neno la kuomba radhi tu. Nikatumia hilo,
kana kwamba mimi ndiye niliyemuua.
"Si kosa lako," akasema Fergus,
kama nilivyojua atasema.

Nje theluji ilikuwa imegeuka mvua.
Mashine ilikuwa kwenye swali la arobaini na moja.
Nikavuta kiti, nikaiacha iulize.