Siku Tatu

Hubert aliitikia kabla sijamaliza swali.
Simu haijapata hata joto sikioni,
yeye kule Dortmund keshasema, "Ndiyo, shemeji, ndiyo,
tarehe ngapi, na mkufu uwe wa gramu ngapi?"

Mama mkwe alikunja vidole akihesabu:
Hubert ana gari, Hubert hana mtoto wala dalili,
na mtu hazikwi na nyumba yake.
Akamenya kiazi kingine,
ganda refu, jembamba, lisilokatika.

Achim alinyamaza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku,
makaa yamemchora wanja chini ya macho,
wanja ambao hakuna sabuni ya Silesia iliyowahi kuufuta.
Ndugu ni ndugu. Sikumlaumu.

Paroko alisema desturi ni wasimamizi wawili, mmoja anatosha.
Akatupa karatasi ndogo kama tiketi ya tramu:
msimamizi aende kuungama, padre atie sahihi.
Awe amepata kipaimara. Awe ametimiza miaka kumi na sita.
Awe anaishi imani yake. Hapo kalamu ilitua kidogo,
akatutazama juu ya miwani, kisha akaendelea.

Ijumaa Hubert akaandika ujumbe:
"Hakuna mtu huko wa kunisainia?"
Nilicheka. Halafu Tekla akalia, nikaacha kucheka.

Usiku ule, nikimnyonyesha dirishani
(fremu zetu zote ni nyekundu, rangi iliyobaki mgodini,
babu zetu hawakutupa kitu)
nilijiuliza jambo lisilokuwamo kwenye karatasi:
nani amewahi kumbeba?

Na jibu likapanda ngazi kwa viatu vya shule.
Marlena wa mlango wa chini,
binti wa Gertruda anayeshona mapazia.
Tangu Oktoba, kila alasiri, bila kuitwa,
hushika magurudumu ya mbele ya kigari, mimi ya nyuma,
ngazi arobaini na nne,
akipanda kinyumenyume, macho kwa mtoto.
Mzigo wa mwenzio, husema watu, ni kanda la sufi.
Yeye hajawahi kusema ni mwepesi.
Huhema tu, na kesho huja.

"Katoto kale?" alisema mama mkwe. Ganda likakatika.

Katoto kale. Kamepata kipaimara Mei.
Katatimiza kumi na sita tarehe nne Desemba,
sikukuu ya Mtakatifu Barbara, wachimbaji
wanapopuliza tarumbeta mitaani kabla ya mapambazuko
na manyoya meusi yakitikisika kofiani.
Ubatizo ni Jumapili inayofuata.
Nilihesabu mara mbili, kama mtu asiyeamini chenji yake.

Nilimwomba pale pale, kwenye ngazi ya ishirini.
Kwetu kukataa mtoto wa ubatizo ni mkosi,
kila mtu husema ndiyo kwa kuogopa.
Marlena hakusema ndiyo. Aliweka magurudumu chini.
"Nipe siku tatu."

Siku tatu! Achim alicheka mpaka akakohoa.
Mimi sikulala.

Ya tatu alikuja na swali, jibu hana:
"Itakuwaje siku moja nikiacha kuamini?
Nitakuwa nimesimama pale nikamkataa Shetani,
nikasema nasadiki, halafu nikifika ishirini na tano..."
Mikono yake ilinuka chaki na machungwa.

Sikuwa na hekima yoyote karibu.
Nilisema, "Basi utapanda ngazi umwambie mwenyewe.
Usimtumie mkufu."

Alifikiri. Nje tramu ilipita, vikombe vikalia kabatini.
"Hilo naweza," alisema.

Jumapili mshumaa wake ulizimika mara mbili
kwa upepo wa mlango uliochelewa kufungwa
(Hubert huyo, amefika, gramu kumi, namshukuru).
Mara mbili Marlena aliurudia mshumaa wa Pasaka
kuomba moto upya,
bila haraka, bila kuona haya,
kiganja kimekinga mwali.
Makoti yenye theluji, watu wakikohoa, paroko na maji yake.
Sote tulimngoja.