Somo

Oulu, Desemba. Saa tisa alasiri na taa za barabarani zimeshawaka.
Kompaila ya Sirkku inasema uongo:
aliandika taavi = 31 nje ya mabano,
taavi = 0 ndani,
na mabano yalipofungwa akauliza, taavi ni ngapi?
Sifuri.

Jedwali ni moja, ndilo kosa.
Jina jipya limelikalia la kwanza,
limelimeza na thamani yake.

Wiki ya tatu hii Inkeri anapiga simu,
na Sirkku humwita mtoto "huyo mdogo wako",
kwa kuwa mtoto ni somo yake kaka yao,
aliyezama na pikipiki ya theluji mwaka juzi,
miaka thelathini na mmoja, haongezi.

Anafuta. Anaanza upya:
kila mabano na jedwali lake,
la ndani juu, la nje chini;
tafuta kwanza karibu, ukikosa, toka nje.
Chini kabisa 31 iko palepale.
Ilifunikwa tu.

Anashika simu.
"Taavi amelala?"
Kimya kidogo. "Analia," anasema Inkeri, "sijui anataka nini."

Kwenye skrini, bano la ndani
Sirkku hajalifunga.