Jiwe Chini ya Fizi

Miaka ishirini na sita napasua mawe Mabatini,
nauza kokoto kwa ndoo,
na sikujua nina machimbo mengine
mdomoni.

Bwire alinionyesha kwa kioo chake,
kidogo kama sarafu ya shilingi hamsini:
ugaga mweusi, umeng'ang'ania mzizi wa jino
kama nyumba za Igogo zilivyoushika mlima.
"Ni jiwe hili, mama. Limegandishwa na mate yako mwenyewe."

Nikasubiri kisu.
Mama yangu, Minza, walimfungua fizi kama bahasha,
wakamshona kwa uzi mweusi,
wiki mbili akinywa uji kwa mrija,
na meno yakaondoka hata hivyo, mojamoja,
kama watu wanavyoondoka msibani.

Bwire hakushika kisu.
Alishika kijiti cha chuma chenye mistari,
akakiteremsha kati ya jino na nyama
kama fundi anavyopima oili.
"Tatu. Tatu. Tano. Saba."
Binti mmoja akaandika.
Kwenye saba, damu.
Ni milimita tu, akasema,
ila hapo jino limeshatoa mguu mmoja nje.

Ganzi. Kisha ncha inayotetemeka,
inanyunyiza maji, haya haya yetu ya ziwa,
inalia kama mbu aliyepotea sikioni.
Halafu kijiko. Mimi nakiita kijiko, yeye ana jina lake.
Chembamba kuliko sindano ya magunia,
kimepinda shingo
kipite bila kuchana kitu.
Bwire amevaa miwani yenye taa, lakini haangalii;
anasikiliza kwa vidole.

Hapo nikamwelewa.
Hata mimi sipigi nyundo popote.
Jiwe lina mshipa wake:
ukiupata, pigo moja,
ukiukosa, utapiga hadi magharibi.

Chuma kikakwaruza, kikakwaruza,
kisha kikateleza.
"Umesikia?"
Ningejibuje, na bomba la kunyonya mate liko mdomoni?
Nilisikia.

Hakuna uzi. Nimepewa viburashi vya waridi
vya kupenyeza kati ya meno,
na tarehe ya kurudi, asome tena zile namba.
Hakuniahidi kitu.
"Nyama ikipenda, itashika."

Leo niko mwambani.
Nyundo ni ile ile, kilo nne.
Ulimi ndio hautulii:
unapita nyuma ya meno ya chini,
unatafuta kijiwe ulichokizoea,
unakuta uwazi,
unarudi kuhakiki.