Kwa Darka, Kabla Hujapanda

Darka, ukifika Vancouver usiniige.
Mimi nilikabidhi sanduku bandarini na dawa zangu za presha ndani,
nguo ya kulalia ndani, kila kitu ndani,
likazurura ghorofa kwa ghorofa hadi saa nne usiku.
Nikaketi kitandani na koti mwilini
kama mtu anayengoja basi.
Begi dogo, mkononi. Humo tia usichoweza kukikosa.

Chumba omba cha katikati, tena cha chini.
Wa juu wamelipia mandhari, na mandhari yanawatapisha.
Tufaha la kijani, tangawizi, biskuti kavu;
usisubiri tumbo likuulize.

Na usinicheke: siku ya kwanza nilipotea mara tano.
Korido ndefu kama barabara ya kwetu Yorkton kati ya ngano na ngano,
milango yote sura moja.
Mtoto mmoja ndiye aliyenionyesha zulia:
samaki waliofumwa humo wote wanaogelea kwenda omo.
Basi nikawa natembea macho chini,
nikiwafuata kwenda, nikiwapinga kurudi.
Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani;
yangu yalikuwa chumba 4127.

Chakula, nisikudanganye, hakina haya.
Usiku wa manane kuna mtu anachonga tikiti liwe bata.
Siku mbili nilikula kama niliyetabiriwa njaa.
Siku ya tatu nikatamani kiazi cha kuchemsha, na chumvi, basi.

Zoezi la maboya nenda, hata kama wengine wanajificha baa.
Honi fupi saba, ndefu moja. Hiyo ikariri.

Saa ifuate ya meli. Simu ni kigeugeu,
hushika saa ya mnara wowote unaoikonyeza.
Kule Juneau nilinunua samoni wa moshi
kwa Verna, mama wa Kitlingit mwenye kibanda karibu na maktaba.
Alikuwa akinieleza kuni gani mama yake alizikataa, na kwa nini,
akasita, akaniuliza meli yangu ni ipi.
Akafunga kibanda. Akanitupa ndani ya pikapu yake.
“Kila wiki huwa na mmoja,” akasema, bila kugeuka.
Nilikimbia gatini na samaki kwapani,
na watu waliojaa ukingoni mwa sitaha wakanipigia makofi.
Miaka sitini na minane, Darka,
na hayo ndiyo makofi yangu ya kwanza.

Jambo moja wakala hatakuambia mapema:
mtu mmoja hulipa vitanda viwili.
Nililipa cha Taras.
Rodelio wa Iloilo, mwenye vyumba kumi na vinane vya kutandika,
aliniuliza mwenzangu hurudi saa ngapi,
ili asimsumbue. Nikamwambia.
Hakusema pole. Alikunja taulo aliyokuwa nayo, akatoka.
Jioni nikakuta tembo wa taulo kitanda cha pili,
miwani yangu ya kusomea ikiwa usoni pake,
amegeuzwa kuelekea dirishani.
Kila usiku mnyama mwingine, kitanda kile kile.
Bahasha ya bakshishi mpe mkononi, usiiache mezani.
Na muulize binti zake wanasoma nini.

Kwenye barafu, wote watainua simu.
Wewe acha yako mfukoni.
Kipande hushuka kimya kabisa, mkubwa kama kanisa letu,
na mlio hufika baadaye, maji yakiwa tayari yamefunika.
Anayengoja mlio amechelewa.
Ndivyo alivyoanguka ghalani. Mimi nilikuwa jikoni.
Nilisimama pale sitahani hadi vidole vikafa ganzi,
nikitazama tu, nikitazama.

Ukirudi, nchi kavu itakuyumbisha siku tatu hivi.
Shika ukingo wa sinki. Hupita.
Soksi za sufu usinunue, huko ni ghali.
Zangu za kijani ziko droo ya juu;
zina harufu ya samoni kidogo. Zivae hivyo hivyo.